Vifuko vingi kwenye ovari (PCOS): nikitibiwa, nitapata mtoto?

Kwa ufupi

- PCOS ni tatizo la homoni. Linafanya yai lisipevuke kila mwezi, kwa hiyo hedhi hupishana na mimba huchelewa. Kuwa na PCOS hakumaanishi wewe ni mgumba.
- Matibabu ya kwanza ni vidonge vya kupevusha yai. Katika utafiti mkubwa wa mwaka 2014, kati ya kila wanawake 100 wenye PCOS waliotumia letrozoli kwa mizunguko isiyozidi 5, takriban 28 walijifungua mtoto hai.
- Matokeo hayo ni ya wanawake wenye mrija wa uzazi ulio wazi na wenza wenye mbegu za kutosha. Pimeni yote mawili kabla ya kuanza vidonge.
- Usinunue vidonge vya kupevusha yai dukani bila vipimo. Unaweza kupoteza fedha, muda na hata afya.

Tunayoyasikia kliniki

"Nesi, miezi minne sijaona siku zangu, na kipimo kinasema sina mimba." "Nina mtoto mmoja wa miaka saba, wa pili amegoma." "Mama mkwe anasema nina chango." "Mume wangu yuko machimboni Nyarugusu, anasema akirudi hajakuta mimba ataoa mwingine."

Maneno haya nayasikia karibu kila wiki, kuanzia Kahama na Kakola mpaka Katoro na Geita mjini. Wengi wanaoyasema wameshatumia fedha nyingi kabla ya kufika kwetu. Wamekunywa dawa za kusafisha kizazi, wamejifukiza, wameweka miti ukeni, na wengine wameuza mbuzi au kiwanja. Wachache tu ndio waliowahi kupimwa.

Si kila anayechelewa kupata mimba ana PCOS. Ila kwa wanawake ambao hedhi yao inapishana sana, ni moja ya sababu za kwanza kuchunguzwa. Makala hii inaeleza tatizo lenyewe, matibabu yaliyopo, na matokeo ambayo mtu anaweza kuyatarajia kwa haki, bila kudanganywa na bila kukatishwa tamaa.

PCOS ni nini?

Mwanamke ana ovari mbili. Ndani ya kila ovari kuna vifuko vidogo sana, na kila kifuko kina yai changa. Kwa kawaida kila mwezi kifuko kimoja hukua kuliko vingine, yai lake hupevuka, hutoka na kuingia kwenye mrija wa uzazi. Likikutana na mbegu ya mwanaume, mimba hutungwa. Lisipokutana nayo, wiki mbili hivi baadaye hedhi huja.

Kwa mwenye PCOS, vifuko vingi huanza kukua lakini vinakwama njiani, na hakuna kinachofikia kuachia yai. Kwenye altrasaundi vinaonekana vimejipanga kama shanga. Vifuko hivyo si uvimbe wa kansa, wala si uchafu wa kusafishwa kwa dawa ya kunywa. Ni mayai yaliyosubiri tu.

Kinachoyakwamisha ni homoni. Wanawake wengi wenye PCOS wana insulini nyingi kwenye damu kwa sababu mwili wao hauitumii vizuri. Insulini hiyo inaisukuma ovari itengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Kila mwanamke ana homoni hizo kidogo, lakini zikizidi zinazuia yai kupevuka, na ndizo zinazoleta ndevu na chunusi.

Tatizo hili si geni wala si la mjini tu. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliliandika mwaka 1935. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, kati ya 10 na 13 wanalo, na wengi wao hawajui. Hapa kwetu, uchunguzi uliofanywa kwa wanawake waliokuja kutibiwa ugumba Hospitali ya Taifa Muhimbili, ukachapishwa mwaka 2009, uliwakuta karibu theluthi moja wana PCOS.

Dalili za kuangalia

- Hedhi inakuja baada ya zaidi ya siku 35, au unaipata chini ya mara 8 kwa mwaka, au imepotea kabisa.
- Ndevu, au nywele nyingi kifuani na tumboni.
- Chunusi zisizoisha hata baada ya ujana, au nywele za kichwani kupungua katikati.
- Uzito kuongezeka, hasa tumboni. Lakini wapo wembamba wenye PCOS pia.
- Ngozi nyeusi na nene shingoni, kwapani au kwenye mapaja. Watu hudhani ni uchafu na kuisugua. Mara nyingi ni ishara ya insulini iliyozidi.

Zipo sababu nyingine za hedhi kupotea ambazo tunazikuta sana. Ya kwanza ni mimba yenyewe. Ya pili ni kunyonyesha. Ya tatu ni sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Ukiiacha, uwezo wa kushika mimba unarudi, lakini taratibu. Kwa wanawake wengi huchukua miezi 10 hivi, au zaidi, tangu sindano ya mwisho. Sindano haiui kizazi. Kama umeiacha miezi minne iliyopita na hedhi haijatulia, huenda unachohitaji ni muda.

Jinsi inavyothibitishwa

Hakuna kipimo kimoja cha PCOS. Daktari anatafuta mambo matatu, na mwanamke mzima akiwa na mawili kati ya hayo anahesabika kuwa nayo:

1. Hedhi inayopishana au iliyopotea.
2. Homoni za kiume kuzidi, kwa dalili za mwilini au kwa kipimo cha damu.
3. Vifuko vingi kwenye altrasaundi, au kipimo cha damu cha homoni ya AMH kuwa juu.

Kabla ya kuandika PCOS, daktari anatakiwa aondoe magonjwa yanayofanana nayo, hasa matatizo ya tezi ya shingo na kuzidi kwa homoni ya maziwa. Kwa hiyo picha ya altrasaundi peke yake haitoshi. Tunawapokea akina mama waliopigwa picha kwenye kliniki ya mtaani, wakaambiwa "una vimbe kwenye ovari", wakauziwa dawa za kuziyeyusha. Ukiwa na hedhi inayokuja kila mwezi bila kukosa na huna dalili nyingine, vifuko kwenye picha si ugonjwa.

Kwa mama mwenye binti: msichana akivunja ungo, hedhi kupishana mwaka wa kwanza ni kawaida. Miaka ya mwanzoni altrasaundi haitumiki kuthibitisha PCOS, kwa sababu ovari za wasichana wengi wazima kabisa zina vifuko vingi. Lakini mwaka mmoja ukipita na bado anakaa miezi mitatu bila hedhi, mlete. Usimwozeshe haraka ukidhani ndoa itamponya.

Kabla ya kidonge: maswali matatu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kidonge cha kupevusha yai kinafanya kazi moja tu: kutoa yai. Yai likitoka na mrija umeziba, halifiki kokote. Likipita na mbegu hazipo, hakuna mimba. Kwa hiyo kabla ya kuanza, ulizeni maswali haya.

Je, mirija iko wazi? Tafiti za Shirika la Afya Duniani za miaka ya 1980 zilionyesha kuwa katika Afrika kusini mwa Sahara, chanzo kikubwa cha ugumba ni mirija iliyoharibiwa na maambukizi: magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia, au uchafu ulioingia baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Maeneo yetu ya machimbo yana watu wengi wanaohama, fedha zinazokuja na kuondoka, na ndoa zinazokaa mbalimbali. Magonjwa ya zinaa yanapata njia. Mwanamke anaweza kuwa na PCOS na mirija iliyoziba kwa wakati mmoja. Mirija hupimwa kwa picha ya eksirei baada ya kuingizwa dawa maalumu kwenye mfuko wa uzazi.

Je, mbegu za mume ziko sawa? Mwanaume kuwa na nguvu kitandani hakuthibitishi kwamba ana mbegu. Hata kuwa na mtoto wa zamani hakutoshi. Kipimo cha manii ni cha bei nafuu kuliko vingi vya mwanamke, hakina maumivu, na kinaweza kuwaokoa miaka. Mume akikataa, mwombe aje tu kuzungumza na mtoa huduma mwanaume. Wengi hukubali wakiambiwa kuwa matibabu ya mke hayawezi kuanza bila hicho.

Je, kuna kitu kingine? Sukari, shinikizo la damu, VVU, kaswende na wingi wa damu vipimwe. Aanze vidonge vya foliki asidi mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Mwenye kisukari, uzito mkubwa sana au selimundu aulize kipimo chake, kwa sababu anaweza kuhitaji zaidi.

Kuhusu magonjwa ya zinaa, tusione haya. Kati ya mwaka 1991 na 1994, vijiji vya mkoa wa Mwanza, wakati huo Geita ikiwa wilaya ndani yake, vilishiriki utafiti uliojulikana dunia nzima. Zahanati za kawaida zilipotibu magonjwa ya zinaa vizuri, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Tiba hiyo ya zahanati inalinda mirija pia. Ukiona usaha, harufu mbaya au maumivu ya chini ya tumbo, tibiwa mapema, na mwenzako atibiwe siku hiyo hiyo.

Matibabu na matokeo yake

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Takwimu ninazotoa ni za wanawake wa nchi nyingine. Zinatupa picha, lakini si ahadi kwa mtu mmoja.

1. Letrozoli. Ndiyo dawa inayopendekezwa kwanza duniani kwa sasa. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, kwa hiyo usishtuke ukisoma karatasi yake. Humezwa siku 5 tu mwanzoni mwa mzunguko. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 750 wenye PCOS waliotibiwa kwa mizunguko isiyozidi 5. Waliotumia letrozoli, takriban 28 kati ya 100 walijifungua mtoto hai. Waliotumia klomifeni, dawa ya zamani, ni takriban 19 kati ya 100. Wote walikuwa na angalau mrija mmoja ulio wazi, na wenza wao walikuwa wamepimwa mbegu. Ndiyo maana nimesisitiza vipimo.

2. Klomifeni. Bado inatumika sana hapa kwetu kwa sababu inapatikana kirahisi. Nayo ni siku 5. Wapo ambao mayai yao hayapevuki hata wakiongezewa dozi. Hao wabadilishiwe dawa, wasiachwe mwaka mzima kwenye kidonge kilekile. Kwa kawaida haivuki mizunguko 6. Inaleta mapacha zaidi kuliko letrozoli: katika utafiti wa 2014, kati ya mimba 100 za klomifeni takriban 7 zilikuwa za mapacha, na za letrozoli takriban 3. Watu husifu "vidonge vya mapacha", lakini mimba ya mapacha ina hatari zaidi ya kujifungua kabla ya wakati, shinikizo la damu na kutokwa damu nyingi.

3. Metformini. Ni dawa ya kisukari inayosaidia mwili kutumia insulini. Ikitumika peke yake haitoi watoto wengi: katika utafiti wa mwaka 2007 wa wanawake 626, miezi 6 ya metformini peke yake iliwapa mtoto hai 7 kati ya 100, ikilinganishwa na 22 hadi 23 kwa klomifeni. Faida yake ni kwenye sukari, na wakati mwingine ikichanganywa na dawa ya kupevusha yai. Angalizo muhimu: kama unatumia ARV zenye dolutegraviri, ambazo ndizo wengi wanazo sasa, mwambie daktari. Dawa hiyo hupandisha kiwango cha metformini mwilini, kwa hiyo dozi ya metformini lazima iwekewe mpaka. Usiache ARV.

4. Sindano za homoni. Hutolewa vidonge vikishindwa. Zinaamsha mayai kwa nguvu, na ovari yenye PCOS ina mayai mengi yanayosubiri, kwa hiyo yanaweza kuamka mengi kwa pamoja. Zitolewe tu pale ambapo altrasaundi itarudiwa mara kwa mara. Usikubali kuchomwa nyumbani au dukani.

5. Upasuaji wa matundu madogo. Daktari huchoma alama chache juu ya ovari ili kupunguza homoni za kiume. Husaidia baadhi ya wanawake ambao vidonge vimewashinda, na hauongezi mapacha. Nao una hatari za upasuaji wowote, na ukifanywa kupita kiasi unapunguza mayai.

6. Upandikizaji mimba, yaani IVF. Mayai huvunwa, hukutanishwa na mbegu maabara, na kiinitete hurudishwa kwenye mfuko wa uzazi. Afrika Mashariki inajua kazi hii kwa zaidi ya miaka 20: Kampala ilipata mtoto wake wa kwanza wa namna hii mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006. Kwa Tanzania, huduma iko Dar es Salaam. Wenye PCOS huwa wanafanya vizuri, kwa sababu mayai hayakosekani. Utafiti wa China wa mwaka 2016, wenye wanawake 1,508 wote wa PCOS, ulionyesha kuwa kiinitete kikigandishwa kwanza na kurudishwa baadaye, 49 kati ya 100 walijifungua mtoto hai kwa jaribio la kwanza. Kikirudishwa papo hapo ni 42. Kugandisha kulipunguza pia hatari ya ovari kuvimba kupita kiasi, kutoka 7 hadi 1 kati ya 100, ingawa hatari ya kifafa cha mimba iliongezeka.

Gharama ya IVF ni mamilioni ya shilingi, pamoja na nauli na malazi. Naomba msiuze shamba kabla hamjamaliza vidonge vilivyofuatiliwa vizuri, isipokuwa mirija yote imeziba, mbegu ni chache sana, au umri umesogea.

Umri wenyewe ni jambo. PCOS haisimamishi saa. Kuanzia miaka 35 nafasi hupungua, kwa hiyo mwanamke wa umri huo asisubiri mwaka mzima. Baada ya miezi 6 aje. Chini ya miaka 35, subirini miezi 12 ya kujaribu. Kama hedhi haiji kabisa, njoo hata leo.

Uzito na chakula

Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza kilo 4 hadi 8 kwa mwenye kilo 80 kunaweza kuanza kurudisha hedhi, na dawa hufanya kazi vizuri zaidi. Si lazima uwe mwembamba. Nami simwambii mtu "nenda kapungue kwanza halafu urudi", kwa sababu mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Vya kubadilisha ni vya kawaida. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo huuzwa kwa wingi machimboni, viachwe kwanza. Chai ipunguzwe sukari. Mandazi na chapati zisiwe za kila asubuhi. Ugali wa dona au mtama uwe ngumi moja, na mboga iwe nyingi kuliko ugali: mlenda, mchicha, majani ya maboga. Dagaa, samaki, choroko na dengu vishibishe. Matobolwa na michembe ni chakula kizuri, ila nayo ni wanga, yahesabiwe pamoja na ugali. Tembea kwa kasi dakika 30 siku nyingi za wiki. Kwa mwembamba mwenye PCOS, lengo si kupungua. Ni kula vizuri na kuufanyisha mwili kazi.

Kama unaishi au unafanya kazi machimboni

Mume na mke kukaa mbali. Mwenye hedhi inayopishana hawezi kubahatisha siku ya yai kwa kalenda au programu ya simu. Ushauri wetu ni kukutana kila baada ya siku mbili au tatu. Mume akikaa duarani mwezi mzima, dawa ya mwezi huo imepotea. Pangeni ratiba ya dawa kulingana na ratiba yake, na mwambieni daktari ukweli.

Zebaki. Wanawake wengi wanafanya kazi kwenye mialo na makarasha, na zebaki hushikwa kwa mikono mitupu. Moshi wake wakati wa kuchoma dhahabu ni mbaya zaidi. Zebaki huvuka kwenda kwa mtoto tumboni na kuathiri ubongo wake. Anayetafuta mimba au mwenye mimba asishike zebaki wala kukaa karibu na uchomaji, na dhahabu isichomewe jikoni wala ndani ya nyumba wanamolala watoto. Mume abadili nguo na kuoga kabla ya kurudi nyumbani.

Wapi pa kwenda

- Zahanati: uzito, shinikizo, sukari, kipimo cha mimba, VVU na kaswende, tiba ya magonjwa ya zinaa, na barua ya rufaa. Anzia hapa.
- Kituo cha afya au hospitali ya wilaya: altrasaundi na, kwa baadhi, kipimo cha manii.
- Hospitali za rufaa za mikoa, Shinyanga na Geita: daktari wa wanawake. Uliza huko kipimo cha mirija na dawa za kupevusha yai.
- Bugando, Mwanza, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato: kwa waliokwama. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Geita hasubiri tena kivuko kufika Mwanza.

Uliza bei ya kila kipimo kabla, na kama una bima uliza inagharamia nini. Beba daftari lenye tarehe za hedhi za miezi 6, majina ya dawa zote ulizowahi kutumia pamoja na za kienyeji, na vipimo vya zamani. Daftari la shilingi mia tano linaweza kukuokolea vipimo vya laki.

Ukishika mimba

Furahi, kisha anza kliniki kabla ya wiki 12. Wenye PCOS wana uwezekano mkubwa zaidi wa mimba kuharibika, kisukari cha ujauzito na kifafa cha mimba. Omba sukari ipimwe mapema na irudiwe kati ya wiki ya 24 na 28. Usikose kupimwa shinikizo kila hudhurio. Jifungulie kituoni.

Na usiyempata mtoto bado, usisahau afya yako. Anayekaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi, mwaka hadi mwaka, ukuta wa mfuko wake wa uzazi unakuwa mnene na unaweza kugeuka saratani baadaye. Zipo dawa za kuurudishia mzunguko. Pima sukari walau kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Na mwenye huzuni isiyoisha, kukosa usingizi au mawazo ya kujidhuru aseme. Nayo ni sehemu ya ugonjwa huu na inatibika.

Kwa mama mkwe, wifi na dada

Mmetoa ng'ombe, mnataka mjukuu. Tunaelewa. Lakini mkwe wenu hakujichagulia homoni zake, na huenda tatizo liko kwa kijana wenu. Mnachoweza kufanya ni kumsindikiza hospitali, kumshawishi mwanaume apime, kumpikia chakula kinachomfaa, na kunyamazisha maneno kwenye misiba na harusi. Chango analotajiwa kila siku halina picha wala kipimo. Dawa zinazowekwa ukeni kulitibu huchubua, na michubuko hufungua njia ya maambukizi yanayoziba mirija.

Maswali tunayoulizwa

Nina mtoto tayari, naweza kuwa na PCOS? Ndiyo. Yai linaweza kutoka mara chache likakupa mtoto mmoja, kisha uzito au umri ukaongeza tatizo.

Nikiwa na PCOS sihitaji uzazi wa mpango? Unauhitaji kama hutaki mimba sasa. Yai hutoka bila taarifa.

PCOS inapona? Haiondoki kabisa, ila inatawalika. Tafiti za nchi za Skandinavia zilizowafuatilia wanawake kwa miaka mingi zinaonyesha kuwa wengi wenye PCOS hatimaye huzaa, baadhi bila matibabu yoyote.

Nimemaliza mizunguko 3 sijapata. Nimeshindwa? Hapana. Uliza swali moja: je, yai lilitoka? Kama halikutoka, dawa au dozi ibadilishwe. Kama lilitoka, endelea mpaka mizunguko 6 kisha muone daktari kwa hatua inayofuata.

Nenda hospitali haraka ukiona

- Umetumia dawa za kupevusha yai, tumbo linavimba haraka, unapumua kwa shida, unatapika au mkojo umepungua.
- Una mimba changa au hedhi imechelewa, na unapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au damu. Mimba inaweza kuwa imetunga kwenye mrija, hasa kwa aliyewahi kuumwa magonjwa ya zinaa.
- Unatoka damu inayolowesha pedi au kitambaa kila saa.
- Una mimba, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au uso umevimba.

Kama umesoma hadi hapa kwa ajili yako au binti yako, anza na kitu kimoja wiki hii: andika tarehe ya hedhi ya mwisho kwenye daftari, mwambie mwenzako, na mje zahanati wote wawili. Sisi tutaanza kwa kukusikiliza.